Maji mengi, maji machache: ni nini hasa maana ya ubatizo?

(Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.)



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa juu juu linaonekana kuwa la kanisani tu, lakini ukilichunguza utakuta limekwisha kuingia majumbani mwetu, limekaa sebuleni, na mahali pengine limewafanya ndugu wa tumbo moja wasisalimiane. Jambo lenyewe ni ubatizo.

Hebu tuanze na lile tunaloliona kila siku hapa mjini. Mama amezaa mtoto. Mtoto alipofikisha miezi mitatu, mama akambeba, akampeleka kanisani, labda kwa Walutheri, labda kwa Wakatoliki au Waanglikana. Mchungaji au padri akammwagia mtoto maji kichwani mara tatu, jina likaandikwa kwenye daftari, watu wakala pilau, wakaimba, wakatawanyika. Miaka ishirini na mitano ikapita. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, amekuja mjini kutafuta kazi, amejiunga na kanisa la Kipentekoste, na Jumamosi moja anapelekwa ufukweni pamoja na wenzake, anazamishwa majini mzima mzima, anaibuka akilia kwa furaha. Jioni anapiga simu nyumbani: "Mama, leo nimebatizwa!" Upande wa pili kimya. Kisha mama anauliza kwa sauti ndogo: "Na ule niliokupeleka mimi, mwanangu, ulikuwa nini?"

Ndugu msikilizaji, swali la mama huyu si dogo. Lina machungu ndani yake, na lina elimu ndani yake. Mjini wameshaliwekea majina: kuna ubatizo wa "maji mengi" na ubatizo wa "maji machache." Watu wanabishana juu yake kwenye daladala, kwenye vijiwe na hata misibani. Lakini ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wanabishana juu ya wingi wa maji na umri wa anayebatizwa, na ni wachache mno wanaouliza maji hayo yanamfanya mtu awe nani. Leo tujaribu kwenda taratibu, tuanzie mwanzo.

Neno lenyewe, batiza, asili yake ni Kiyunani, na maana yake ya kwanza ni kuzamisha au kuchovya kitu majini. Kabla ya Yesu, Wayahudi walikuwa na desturi nyingi za kuoga kwa ajili ya usafi wa ibada. Akatokea Yohana katika mto Yordani, akiwaita watu watubu na kuwabatiza. Yesu naye akaenda pale, akabatizwa. Na Injili ya Mathayo inamalizika kwa agizo la Yesu kwa wanafunzi wake kwamba waende kwa mataifa yote wakabatize kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ndiyo maana makanisa karibu yote, pamoja na ugomvi wao wote, yana ubatizo.

Wasikilizaji wetu Waislamu wanaufahamu udhu na josho. Hapo kuna jambo la kulinganisha. Udhu hurudiwa mara nyingi kwa siku, kwa sababu mtu huchafuka tena na lazima ajitakase kabla ya kusimama mbele ya Mungu. Ubatizo wa Kikristo hautolewi hivyo. Hutolewa mara moja katika maisha. Mtu hazaliwi mara mbili na mama yule yule, wala hazikwi mara mbili katika kaburi lile lile. Shikeni hapo, tutarudi.

Mitume walipoeleza maana ya maji haya, walitumia mifano mitatu mikubwa. Wa kwanza ni kuosha: dhambi inaondolewa kama vumbi la safari. Wa pili ni kaburi. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi, sura ya 6, anafundisha kwamba anayebatizwa anazikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Kwa hiyo maji hayo yanaua kwanza, kisha yanahuisha. Wa tatu ni uzazi na ukoo. Katika barua kwa Wagalatia, sura ya 3, Paulo anasema waliobatizwa wamemvaa Kristo kama vazi, na kwa sababu hiyo ubaguzi wa Myahudi na Myunani, wa mtumwa na mtu huru, wa mwanamume na mwanamke, hauna tena nguvu juu yao. Wamekuwa ukoo mmoja.

Naomba muutie alama mfano huu wa tatu, maana wa kwanza tunausikia kila Jumapili, wa pili tunausikia Pasaka, lakini huu wa ukoo tunausahau. Na mimi nadhani ndio wenye kazi kubwa zaidi katika bara letu la Afrika.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Ugomvi wa kwanza ni wa wingi wa maji. Wanaozamisha wanasema: neno lenyewe maana yake ni kuzamisha, Yesu alipanda kutoka majini, na mtu hazikwi kwa kunyunyiziwa mchanga kidogo kichwani. Hoja hiyo ina uzito. Hata makanisa ya Kiorthodoksi, ambayo ni ya kale sana, huzamisha, tena huzamisha watoto wachanga. Wanaomwagia wanajibu kwamba kinachookoa si kina cha maji.

Katika jambo hili kuna ushahidi wa zamani unaofaa kusikilizwa na pande zote mbili. Kipo kijitabu kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho wataalamu wengi wanakikadiria kuwa cha mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilipotea kwa karne nyingi, nakala yake ikaonekana Konstantinopoli mwaka 1873 na ikachapishwa mwaka 1883. Kijitabu hicho kinaagiza ubatizo ufanywe katika maji yanayotiririka. Kama hayapo, yatumike maji mengine. Kama maji ya baridi hayawezekani, yatumike ya vuguvugu. Na kama yote hayo hayapatikani, mtu amwagiwe maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Mnaona, ndugu zangu? Wazee wale wa mwanzo walipenda mto, lakini hawakumwacha mtu bila ubatizo ati kwa sababu mto uko mbali. Walijua kwamba wako watu wanaoishi jangwani, wako wagonjwa wasioweza kunyanyuka kitandani, wako wafungwa. Wingi wa maji ulikuwa suala la uwezekano.

Ugomvi wa pili, na huu ndio mzito, ni wa umri. Je, mtoto mchanga abatizwe? Wanaosema hapana wana hoja moja kuu: katika Agano Jipya imani inatangulia, maji yanafuata. Yule towashi wa Ethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Mwafrika mwenzetu aliyekuwa na cheo kikubwa kwa malkia wake, alisoma kwanza, akafafanuliwa, akaamini, ndipo alipoyaona maji njiani na kuuliza kuna kizuizi gani. Mtoto wa miezi mitatu anaamini nini? Wanaosema ndiyo nao wana hoja: katika kitabu hicho hicho, sura ya 16, Lidia alibatizwa na watu wa nyumbani mwake, na yule mlinzi wa gereza kule Filipi alibatizwa usiku ule ule na jamaa yake yote. Neema ya Mungu, wanasema, haisubiri mtu ajue kusoma. Mtoto hachagui kunyonyeshwa, lakini asiponyonyeshwa atakufa.

Msidhani kwamba ubishi huu uliletwa na wamisionari. Ulikuwa Afrika kabla hata Wazungu wengi hawajaufahamu Ukristo. Katika mji wa Karthago, ambao leo uko katika nchi ya Tunisia, mwanachuoni Tertuliano, kwenye mwaka 200 hivi, alishauri kwamba watoto wadogo wacheleweshwe mpaka wamjue Kristo. Nusu karne baadaye, katika mji huo huo, Askofu Sipriano na maaskofu wenzake walikata shauri kinyume: mtoto asisubirishwe hata siku nane. Wote wawili ni Waafrika, wote wawili wanaheshimiwa mpaka leo. Kwa hiyo yule anayemwambia mwenzake kwamba hajui Maandiko kwa sababu tu anabatiza mapema au anabatiza kwa kuchelewa, afikiri kidogo kabla ya kusema.

Wapo pia waliochelewesha kwa hesabu zao wenyewe. Kaisari Konstantino, mtu aliyeupa Ukristo uhuru katika dola ya Kirumi, alibatizwa mwaka 337, akiwa karibu na kufa. Zama zile wengi walifikiri hivi: kama maji yanaosha dhambi zote, basi bora nioge mwisho wa safari. Ni ujanja wa mwanadamu, na hata leo tunao wa namna yake.

Ubishi huu umewahi kumwaga damu. Mwezi wa Januari mwaka 1525, katika mji wa Zurich, Uswisi, kikundi cha Wakristo kilianza kubatizana upya, kikisema ubatizo wa utotoni haukuwa ubatizo. Wakuu wa mji, ambao nao walikuwa wanamageuzi wa Kiprotestanti, wakapitisha adhabu ya kuwazamisha mtoni. Mwezi wa Januari mwaka 1527, Felix Manz alifungwa kamba, akatupwa katika mto Limmat, akafa. Wakristo walimuua Mkristo kwa maji, kwa sababu ya maji. Mtu akisimuliwa hayo anaweza kudhani ni kichekesho, kumbe ni kilio.

Basi tumrudie yule mama na swali lake. Je, mtu aweza kubatizwa mara mbili? Hapa Afrika ilitoa jibu lililodumu. Mwanzoni mwa karne ya nne, wakati wa mateso makali chini ya Kaisari Diokletiano, baadhi ya viongozi wa kanisa kule Afrika ya Kaskazini walisalimisha vitabu vitakatifu vikachomwa. Mateso yalipokwisha, Wakristo walioitwa Wadonati wakasema: aliyebatizwa na msaliti hajabatizwa, arudie. Wakagawanyika, kanisa dhidi ya kanisa, kijiji dhidi ya kijiji, kwa zaidi ya miaka mia. Askofu Augustino wa Hipo, mji ambao leo uko Algeria, akawajibu kwamba ubatizo si mali ya padri. Ni wa Kristo mwenyewe. Maji safi yakipita katika mfereji wa mawe bado yanafika bustanini. Padri akiwa mlevi, ubatizo haukulewa.

Augustino huyo huyo hakubatizwa utotoni. Mama yake, Monika, alimlilia kwa miaka mingi, na hatimaye Ambrosi alimbatiza kule Milano usiku wa Pasaka mwaka 387. Kwa hiyo aliyetetea ubatizo usirudiwe ni mtu aliyeupata ukubwani. Aliyaona mambo yote mawili.

Mafundisho hayo ndiyo msingi wa makanisa mengi hadi leo. Mwaka 1982, katika mji wa Lima, Peru, wanateolojia wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, pamoja na Wakatoliki walioshiriki nao, walitoa waraka juu ya ubatizo, ekaristi na huduma. Waraka huo unayaomba makanisa yaache tendo lolote linaloweza kufahamika kuwa ni kubatiza upya. Lakini tuwe waadilifu. Mpentekoste au Mbaptisti ukimwuliza atakujibu: mimi sirudii, kwangu huu ndio wa kwanza, ule wa utotoni nilimwagiwa maji tu. Anasema kwa dhamiri safi, na dhamiri ya mtu haipigwi bakora.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijana yule ni huu. Kama dhamiri yako imekutuma, hatutakufunga kamba kama Felix Manz. Ila usimpigie simu mama yako kama mtu anayetangaza ushindi. Siku ile alipokubeba, alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani maishani mwake, nacho ni wewe, akakipeleka kwa Mungu wake. Yawezekana usikubaliane na mafundisho ya kanisa lake, lakini usimwambie hakufanya kitu. Na wewe mama, mtoto aliyekwenda ufukweni hakwenda kukukana. Pengine ahadi ulizozitoa kwa niaba yake ndizo zilizomsukuma azitafute mwenyewe.

Ndugu wasikilizaji, kuna mambo mengine ambayo yameung'ang'ania ubatizo kama kupe, mpaka watu wameyadhania kuwa ndiyo ubatizo. La kwanza ni jina. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kubatizwa ni kupewa jina la Kizungu, na kwamba anayeitwa Mwajuma au Masanja hawezi kuwa Mkristo kamili mpaka aongezewe jingine. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliwataka kweli mapadri wahakikishe jina la mtakatifu linawekwa. Lakini sheria ya mwaka 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Jina la babu yako lenye maana njema halina kosa. Kule Zaire, mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo ya kigeni, ikagombana vikali na Kardinali Malula wa Kinshasa. Ugomvi ule ulionyesha jinsi jina lilivyogeuzwa kuwa bendera, huku yule mtoto mwenyewe akisahauliwa.

La pili ni cheti. Kwa miaka mingi, watu ambao hawakuandikishwa walipozaliwa wamekitumia cheti cha ubatizo kuthibitisha umri wao, shuleni na ofisini. Si vibaya, kimewasaidia wengi. Ila cheti kikishawekwa kabatini na kuulizwa tu siku ya ndoa na siku ya mazishi, ubatizo umekuwa karatasi.

La tatu ni sherehe. Kamati, kadi za mchango, ukumbi, sare, mpiga picha. Wapo wazazi wanaoahirisha ubatizo mwaka mzima kwa sababu fedha za ukumbi hazijatimia. Na wapo wasimamizi wa ubatizo wanaochaguliwa kwa kuangaliwa mfuko. Msimamizi anasimama mbele ya watu, anamkataa shetani na mambo yake yote, anaahidi kumlea mtoto katika imani, anakabidhi zawadi, anapanda gari lake, na mtoto hamwoni tena mpaka kipaimara. Je, ahadi ile aliitoa kwa nani?

Lipo na la nne, nalo linaniuma zaidi. Zipo sehemu ambako mama asiye na ndoa akimleta mtoto wake hupangiwa masharti mpaka anakata tamaa. Mtoto ana kosa gani? Mwaka 2012, hayati Papa Fransisko, alipokuwa bado Kardinali kule Buenos Aires, aliwakemea hadharani mapadri waliokuwa wakiwakatalia ubatizo watoto wa namna hiyo. Mama yule angeweza kuitoa mimba ile, hakuitoa. Amekuja na mtoto hai mikononi, halafu anafungiwa mlango!

Sasa nije kwenye lile nililowaomba mlitie alama, yaani ukoo. Waswahili tunasema damu nzito kuliko maji. Tunasema hivyo tukiwa na maana kwamba ndugu ni ndugu, mgeni ni mgeni. Lakini mtu akiingia katika ubatizo anakubali msemo huo upinduliwe. Anakubali kwamba kuanzia siku hiyo, maji aliyoshiriki na wengine ni mazito kuliko damu aliyozaliwa nayo. Aliyebatizwa pamoja nami, awe wa kabila gani, awe wa ukoo niliokatazwa kuoa kwao, ni ndugu yangu kweli kweli. Hiyo ndiyo kazi ya maji yale, na hapo ndipo yanapopimwa.

Wapo waliopimwa wakashinda. Mwaka 1886, kule Buganda, Karoli Lwanga na vijana wengine wa ikulu ya Kabaka Mwanga walijua kwamba wanakaribia kuuawa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Lwanga, ambaye hakuwa padri, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakijifunza, mmojawao akiwa Kizito, kijana wa miaka kama kumi na minne. Maji yenyewe hayakuwa ya mto. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Moto haukuuliza nani alifundishwa na Wafaransa na nani na Waingereza. Na mmoja wa mashahidi wale, Mukasa Kiriwawanvu, alikufa kabla hajapata maji, lakini kanisa linamhesabu mtakatifu. Linasema alibatizwa kwa damu yake. Lwanga na wenzake walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Na wapo waliopimwa wakashindwa. Rwanda, mwaka 1994, ilikuwa nchi ambayo watu walio wengi kabisa walikuwa wamebatizwa. Ilipofika Aprili, waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, tena ndani ya makanisa walimobatizwa. Fikirini tarehe moja tu, 16 Aprili 1994, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Kibuye. Kule Nyange, katika kanisa Katoliki, watu wapatao 1,500 waliokimbilia humo waliangushiwa kanisa kwa tingatinga. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa hapa jirani Arusha, na mwaka 2008 rufani ikampa kifungo cha maisha. Siku hiyo hiyo, kule Mugonero, watu waliokimbilia katika kanisa na hospitali ya Waadventista walishambuliwa na kuuawa. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, kiongozi wa kanisa hilo katika eneo lile, alitiwa hatiani Arusha mwaka 2003.

Ndugu msikilizaji, tulia hapo kidogo. Nyange walibatiza watoto kwa kuwamwagia. Mugonero walibatiza watu wazima kwa kuwazamisha. Maji machache hayakuzuia panga, na maji mengi hayakuzuia panga. Swali waliloliuliza viongozi wa makanisa wenyewe baada ya hapo lilikuwa hili: kumbe damu ya kabila imekuwa nzito kuliko maji ya ubatizo? Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba msamaha mwezi wa Novemba mwaka 2016 kwa waumini wao walioshiriki mauaji, na Papa Fransisko naye akaomba msamaha mwezi wa Machi mwaka 2017.

Lakini hata katika giza lile kulikuwa na taa. Gisenyi, mpakani na Goma, alikuwepo mama mmoja mtumishi wa Kanisa Katoliki, Felicite Niyitegeka, Mhutu, aliyewaficha Watutsi katika kituo alichokisimamia na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Zaire. Kaka yake wa damu alikuwa kanali jeshini. Kaka huyo alimtumia ujumbe ajiokoe, awaache watu wale. Akakataa. Tarehe 21 Aprili 1994 akauawa pamoja nao. Leo taifa la Rwanda linamhesabu miongoni mwa mashujaa wake. Damu ilimwita kwa sauti ya kaka yake, yeye akawafuata wale alioshiriki nao maji. Ukitaka kumweleza mtoto wako ubatizo ni nini, msimulie habari za mwanamke yule.

Kabla sijamaliza, neno kwa wazazi waliofiwa na vichanga kabla ya ubatizo, maana wako wanaoishi na hofu hiyo kimya kimya. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, hata muuguzi wodini, hata asiye Mkristo, mradi amwagie maji, atamke maneno yale na akusudie lile ambalo kanisa linakusudia. Na kwa wale ambao hata hilo halikuwezekana, tume ya wanateolojia ya kanisa hilo ilieleza mwaka 2007 kwamba zipo sababu za kutumaini kuwa Mungu anawapokea. Basi, mama, futa machozi. Mungu hashindwi na ukosefu wa bakuli la maji.

Ndugu wasikilizaji, sisi hapa mjini tunaishi nyumba moja ya kupanga, chumba hiki Mhaya, kile Mmakonde, kile cha mbele Mpare, na Jumapili tunakwenda makanisa mbalimbali. Wakati wa uchaguzi ukifika, wakati wa kugawana kazi ofisini, wakati kijana anapotaka kuoa, ndipo tunapojua maji yetu yana uzito gani. Bosi anayempa kazi mtu wa kwao na kumwacha anayestahili, na Jumapili anakaa benchi la mbele, huyo alizamishwa kweli, au alimwagiwa kweli, ila bado hajaibuka.

Kwa hiyo, jioni ya leo, usiulize jirani yako alibatizwa kwa ndoo au kwa bahari. Kama wewe ni msimamizi wa mtoto wa mtu, mtafute wiki hii, umuulize anaendeleaje na shule. Kama wewe ni kijana uliyegombana na mama yako juu ya maji, mpigie simu.

Hadi wiki ijayo, majaliwa. Kwaherini.